Mbuga Nayo Huijibu Mvua

Kila mwaka vuli inapochelewa, au masika yanapokatika kabla mahindi hayajabeba, husikika hukumu mbili katika kanda yetu. Ya kwanza hutolewa mikutanoni na watu wenye dhamana: kwamba mifugo imezidi, imeila nchi hadi udongo ukabaki mtupu, na hiyo ndiyo iliyoifukuza mvua. Ya pili hutolewa kwenye maboma na chini ya miti ya kupumzikia: kwamba mvua ni amri ya Mwenyezi Mungu, huinyesha apendapo, na ng'ombe hana kauli katika mambo ya mbinguni. Hukumu hizi zimezoeleka mno, hata msemaji hadaiwi ushahidi.

Lau yangekuwa maneno ya kupitishia wakati tu, tungeyaacha yapite. Lakini hukumu hugeuka kuwa amri. Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililokuwa limechimbwa makorongo na mmomonyoko, na wenye mifugo wakalazimika kutafuta mahali pengine pa kuiweka. Nyasi zilirudi, hilo halina ubishi. Lakini hilo la nyasi ni moja, na lile la mvua ni jingine, na wengi huyachanganya. Kwa upande wa pili, yule aaminiye kwamba ardhi haina uhusiano wowote na mvua hulima hadi ukingoni mwa mto na kuichoma mbuga kila kiangazi, na moyo wake umetulia. Kwa hiyo yafaa tuulize bila kumwonea mtu haya: je, ardhi ina neno lolote katika mvua? Na kama inalo, neno hilo lina uzito gani?

Tuchukue mfano wa mbuga ambayo wasomaji wetu waijua, walau kwa jina: Serengeti, nchi iliyo kati ya milima ya Ngorongoro na Ziwa Victoria. Jina lenyewe limetokana na Kimaasai, na maana yake ni uwanda usio na mwisho. Wageni huifuata kwa ajili ya simba. Sisi leo twaifuata kwa ajili ya hewa yake, kwani ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu aweza kusafiri mchana mmoja na kuona kwa macho yake jinsi nchi na anga zinavyopatana, na jinsi zinavyoteta.

Msafiri atokaye Karatu asubuhi huacha nyuma mashamba ya ngano na kahawa, akapanda msituni. Huko miti imeota ndevu kwa unyevu, barabara ina utelezi, na mara nyingi ukungu huwa mzito hata dereva huwasha taa mchana. Akishapita ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili, hali hubadilika kana kwamba amevuka mpaka wa nchi. Vumbi linamlaki. Migunga imesimama mmoja mmoja, kisha hata hiyo hutoweka, na mbele hakuna kitu ila nyasi fupi mpaka mwisho wa macho.

Sababu yake si ya ajabu. Kaskazi na kusi zote mbili, zinapoifikia nchi hii, huwa zimekwisha pinda zikaja kutoka upande wa mashariki, zimebeba mvuke wa Bahari ya Hindi. Zikikutana na milima ya Ngorongoro, ambayo vilele vyake vyapita mita 3,000, hazina njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na hewa baridi haiwezi kushika mvuke mwingi kama hewa ya joto. Basi mzigo hutuliwa palepale, upande wa Karatu. Inapoteremka ng'ambo, hewa ile hupata joto tena, kadiri ya digrii moja kwa kila mita mia, na badala ya kutoa maji huanza kuyatamani. Ndiyo maana kusini-mashariki ya Serengeti hupata kama milimita 500 za mvua kwa mwaka, na ukienda kaskazini-magharibi, karibu na ziwa, kipimo chapita milimita 1,000.

Upepo huo mtu aweza kuuona ukifanya kazi. Karibu na Oldupai kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo, nacho hakikai mahali pamoja. Kila mwaka husogea kadiri ya mita 17 kuelekea magharibi, na nyuma yake vimewekwa vigingi vya kuonyesha kilipokuwa miaka iliyopita. Mchanga wenyewe ni majivu ya volkeno. Jirani ya hapo umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamaasai, ambao ulilipuka mwaka 1966 na tena mwaka 2007; na kabla ya huo palikuwa na milima mingine iliyotapika moto kwa maelfu na maelfu ya miaka. Majivu yote hayo yalichukuliwa na pepo zilezile za mashariki, yakaanguka juu ya uwanda.

Hapa ndipo ardhi inapoanza kutia neno lake. Majivu yale yana chokaa na magadi mengi. Mvua iliyanyeshea, ikayayeyusha, ikayashusha chini kidogo, kisha jua likayakausha; na baada ya kurudiwa hivyo kwa karne nyingi pametokea, kadiri ya mita moja chini ya udongo au pungufu, tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya mti haiwezi kulipenya. Mizizi ya nyasi haina haja ya kulipenya, kwa maana hutosheka na kile kidogo kilicho juu. Basi hata mwaka ambao mvua ingetosha kuotesha vichaka, sakafu ile hukataa. Maji yanayonyesha hayana pa kujificha. Hubaki karibu na uso wa nchi, na jua huyanyakua katika muda wa wiki chache. Uwanda ule huwa kijani siku chache tu baada ya mvua, na mara mvua ikisimama hugeuka kuwa manjano upesi kiasi cha kumshangaza mgeni. Kwa maneno mengine, mvua ileile ikinyesha juu ya udongo mwingine ingeleta nchi nyingine kabisa. Ukame wa mahali pale umefanywa na milima kwa sehemu moja, na udongo kwa sehemu nyingine.

Tukivuka uwanda tukaelekea magharibi, twakutana na mshiriki wa pili wa hewa, nalo ni ziwa letu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na kila mtu aliyelelewa kando yake ajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hutoka nchi kavu. Ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapanda, na hewa ya ziwani huingia bara kuijaza nafasi. Upepo huo mwanana ukikabiliana na ule utokao mashariki, hewa hukosa mahali pa kwenda ila juu, na alasiri mawingu ya ngurumo hujijenga juu ya magharibi ya Serengeti. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo za kila upande humiminikia ziwani na kukutana katikati, na radi hupiga majini hadi alfajiri. Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Wenzao wamekufa kwayo. Na kwa kuwa pepo za mashariki huisukuma mvua ile kuelekea magharibi, Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza hupata karibu nusu yake, ingawa zote mbili zakunywa ziwa moja.

Tena lipo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maji yanayoingia Ziwa Victoria hayaletwi hasa na mito. Kadiri ya sehemu nne katika tano huanguka moja kwa moja juu ya uso wa ziwa kama mvua, na karibu kiasi hichohicho hurudi angani kama mvuke. Ziwa na anga hukopeshana mchana na usiku. Tulipolitambua hilo, tulianza kujiuliza kuhusu nyasi, maana nyasi nazo zina maji.

Mama apikaye chai anajua kwamba sufuria yenye maji, hata moto uwe mkali namna gani, haipiti joto la kuchemka mpaka maji yaishe. Yakiisha, sufuria huungua. Kuyakausha kabisa maji ya lita moja kwahitaji moto kama mara saba ya ule uliotumika kuyafikisha kwenye kuchemka. Moto huo wote haupotei. Huchukuliwa na mvuke, ukakaa ndani yake kwa siri, na hutolewa tena pale mvuke unapogeuka kuwa matone huko juu mawinguni. Mbuga iliyo kijani ni sufuria yenye maji. Jua la saa sita likiipiga, sehemu kubwa ya nguvu zake hutumika kuyavuta maji kutoka mizizini hadi kwenye majani na kuyapeleka angani, na hewa iliyo karibu na ardhi hubaki na nafuu. Mbuga iliyokauka ni sufuria tupu. Jua ni lilelile, lakini sasa nguvu zake hazina kazi ya kufanya ila kuunguza udongo, na udongo huiunguza hewa. Ndipo tunapoona chamchela zikiinuka moja baada ya moja katika adhuhuri ya Septemba, zikizungusha vumbi na majani makavu.

Msomaji asidhani kwamba haya ni maji kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000. Mbuga ya kijani huweza kurudisha angani milimita kadhaa kwa siku moja. Azidishe mwenyewe kwa ukubwa wa Hifadhi ya Serengeti, ambayo ni kilomita za mraba 14,763, ndipo atakapoelewa kwamba baada ya mvua nzuri nyasi zile huwa kama ziwa jingine, lisilo na samaki.

Tofauti ni kwamba ziwa hili hukauka kila mwaka. Mti wenye mizizi mirefu huendelea kuvuta maji ya chini hata miezi miwili mitatu baada ya mvua kwisha, na hivyo hewa ya msituni haibadiliki sana. Nyasi hazina subira hiyo. Hunywa kwa pupa maji yakiwapo, na yakiisha hujikunja, zikafa juu na kubaki hai chini. Kwa sababu hiyo tabia ya hewa ya mbugani ina nyuso mbili: miezi ya ubichi yenye asubuhi za umande na mawingu ya chini, na miezi ya ukavu yenye mchana wa kuunguza na usiku wa baridi kali. Mtu aliyelala Ngorongoro au Loliondo mwezi Julai bila blanketi la kutosha ajua tunachosema.

Na bado nyasi hutoa huduma nyingine, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo kubwa kwa mkulima na mfugaji. Mvua za nchi yetu hazinyeshi kwa upole. Huja kwa kishindo, zikamwaga katika nusu saa maji ambayo nchi za Ulaya hupata kwa wiki. Tone likianguka juu ya udongo mtupu huupigapiga kama nyundo, vumbi laini likaziba vitundu, na juu pakafanyika ngozi ngumu. Maji yanayofuata hukimbia juujuu hadi korongoni. Mahali penye nyasi, tone huangukia jani, likateleza hadi shinani, likaingia ardhini kupitia njia zilizofunguliwa na mizizi na mchwa. Vijiji viwili vyaweza kupata mvua sawa kwa kipimo, kimoja kikawa na unyevu wa mwezi mzima na kingine kikalia ukame baada ya siku nne. Huo wa pili ni ukame uliotengenezwa na ardhi, hata kama mawingu hayakumnyima mtu kitu.

Sasa tuje kwa wanyama, kwa sababu hapo hukumu ile ya kwanza huingia matatani. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia nchi hizi, ikaua ng'ombe wa Wamaasai na nyati na nyumbu kwa pamoja. Nyumbu wa Serengeti walibaki wachache kwa miongo mingi baadaye, kwani ugonjwa uliendelea kuua ndama. Walipohesabiwa mwaka 1961 walikuwa kadiri ya 260,000. Kisha chanjo ya ng'ombe wa wafugaji walioizunguka mbuga ilikata mzizi wa sotoka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Hapo mtu wa hukumu ya kwanza angetabiri jangwa: midomo imezidi mara tano, nchi ni ileile.

Jangwa halikuja. Yaliyokuja ni mambo ambayo hakuna aliyeyatazamia. Nyumbu walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zikibaki hadi kiangazi zikawa kuni za moto. Mioto ya kila mwaka, iliyokuwa ikiteketeza sehemu kubwa ya hifadhi, ikapungua sana. Miche ya miti, ambayo moto ulikuwa ukiichoma kila ikichipua, ikapata nafasi ya kukua. Hewa mkaa iliyokuwa ikienda angani pamoja na moshi ikaanza kuwekwa ndani ya mti na ndani ya udongo. Sindano aliyodungwa ndama wa Mmaasai ilibadili moshi wa mbuga nzima! Tumetafakari jambo hili mara nyingi, na bado latushangaza.

Siri ya nyumbu si uchache wao, bali ni miguu yao. Hula na kuondoka. Miezi ya mvua hukaa kusini kwenye nyasi fupi za majivu, zenye chokaa na madini ya kuwafaa wanaonyonyesha, na huko huzaa, hasa mwezi Februari. Sakafu ile ikikauka, huenda magharibi, kisha kaskazini hadi Mto Mara, na hawarudi mpaka mvua iwaite. Nyasi hupata muda wa kupumzika. Mfugaji wa jadi naye alifanya hivyohivyo, na hakufundishwa na mtaalamu yeyote. Ng'ombe walewale wakizungushiwa ramani, wakafungwa mahali pamoja mwaka mzima kwa kuwa upande huu ni shamba la mwekezaji, upande ule ni hifadhi, na upande wa tatu ni mpaka wa wilaya, basi kwa kweli wataitafuna nchi hadi udongo. Lakini hapo kosa la ng'ombe ni lipi?

Tumefika kwenye swali lililo gumu kuliko yote. Tumekubali kwamba ardhi tupu huwa ya moto, na kwamba hupoteza maji. Je, yaweza pia kuizuia mvua isinyeshe? Swali hili liliulizwa kwa nguvu wakati wa njaa kuu ya Sahel, ule ukanda ulio kusini ya jangwa la Sahara, kuanzia Senegali hadi Sudani. Mwaka 1975 mtaalamu wa hewa wa Marekani, Jule Charney, alitoa nadharia iliyosomwa dunia nzima. Alisema kwamba mifugo ikimaliza majani, mchanga mweupe hufunuliwa. Mchanga hurudisha angani mwanga mwingi wa jua kuliko majani. Ardhi hupoteza nguvu za kuipandisha hewa, hewa ikaelekea kushuka badala ya kupanda, na mawingu yakakosa kujengeka. Hivyo ukame hujizalia ukame mwingine.

Nadharia ile ilikuwa na akili nyingi, na sehemu yake imesimama hadi leo. Lakini wenye vyeo waliichukua wakaacha masharti yake, ikawa fimbo ya kumpigia mfugaji wa Sahel: yeye ndiye aliyejiletea njaa. Miaka ilipopita na hesabu za bahari zikafanywa kwa mashine kubwa za kukokotoa, ilidhihirika kwamba chanzo hasa cha ukame ule kilikuwa mabadiliko ya joto la bahari, ya Atlantiki na ya Hindi, yaliyousogeza ukanda wa mvua mbali na nchi zile. Ardhi iliyopoteza majani haikuuanzisha ukame. Iliurefusha na kuutia makali. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa, nayo ilistahili kuelezwa kwa wale waliokwisha shutumiwa, lakini lawama husafiri kwa ndege, na masahihisho huja kwa miguu.

Mfano wa upande mwingine watoka Marekani yenyewe, katika nyanda kuu za majani zilizo katikati ya nchi ile. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakulima walizipindua nyasi za asili kwa plau ili kupanda ngano, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Ukame ulipokuja katika miaka ya 1930, ambao nao asili yake ilikuwa baharini, haukukuta nyasi za kuushikilia udongo. Tarehe 14 Aprili 1935 wimbi la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ardhi iliyovuliwa nguo na vumbi lililojaa angani viliufanya ukame ule uwe mbaya kuliko ambavyo bahari peke yake ingeuleta. Na angalieni kwamba hapo hapakuwa na mchungaji wa kulaumiwa. Palikuwa na trekta.

Sheria yenyewe, hata hivyo, si nyepesi kama tungependa iwe. Uchunguzi wa picha za setilaiti, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba mara nyingi mvua ya alasiri huangukia mahali palipo pakavu kuliko jirani zake, na hasa katika Sahel. Ardhi kavu hupata joto zaidi, hewa yake ikapanda, na kuivuta hewa yenye unyevu kutoka ardhi jirani iliyo mbichi. Ni upepo wa ziwani uleule, isipokuwa hapa ziwa ni shamba lililonyeshewa jana. Kwa hiyo anayesema “panda mti, mvua itakushukia juu ya paa” huahidi asichokuwa nacho. Mvuke unaotoka katika nyasi zako waweza kuanguka kwa jirani, au mkoa wa pili, au usianguke kamwe.

Kwetu sisi Afrika Mashariki, bahari ndiyo yenye neno la kwanza. Mwaka 2019 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita desturi, na vuli ya mwaka huo ikawa mafuriko. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mambo yaligeuka, misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo kaskazini ya Kenya, Somalia na kusini ya Ethiopia, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Hakuna boma, hata liwe na ng'ombe wangapi, lililoweza kuyapoza au kuyapasha moto maji ya bahari nzima. Neno la pili ni la milima na maziwa. Neno la tatu ndilo la nyasi, nalo ni la chini kuliko mengine. Lakini kati ya yote matatu, hilo peke yake ndilo lililo mikononi mwetu.

Kwamba mikono yetu yaweza kulitumia vizuri, Shinyanga ni shahidi. Nchi ile ilikuwa na miombo na migunga. Ilifyekwa kwanza kufukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, kisha kwa ajili ya kuni, na mifugo ikaongezeka juu ya kile kilichosalia. Wasukuma walikuwa na desturi yao, ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kuachwa isiliwe mpaka kiangazi kikali. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wengi waliachana na ngitili zao, kwa kuwa mtu hawezi kulinda majani yaliyo mbali na mlango wake. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI. Ulianza, kama miradi mingi, kwa kuotesha miche vitaluni na kuwahimiza watu wapande. Uliponyanyuka hasa ni pale wahusika walipoacha kufundisha wakaanza kuuliza, na wenyeji wakawajibu: ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa nyasi na miti, nyingi kwa kufungwa tu na kuachwa zijiponye zenyewe.

Hatutasema kwamba mvua ya Shinyanga imeongezeka kwa sababu ya ngitili. Hatuna kipimo cha kutuwezesha kusema hivyo, na tumekwisha ona jinsi ahadi za namna hiyo zinavyotumiwa. Twasema yale yaonekanayo: chini ya miti ile mchana una nafuu, udongo unakaa na maji, visima havikauki upesi kama zamani, na kina mama hawaendi mbali kutafuta kuni. Ikiwa joto la dunia litaendelea kupanda, kama linavyopanda, hewa itakuwa na kiu zaidi, na milimita ileile ya mvua itanyakuliwa upesi zaidi kuliko ilivyonyakuliwa wakati wa babu zetu. Hapo tofauti ya udongo uliofunikwa na udongo ulio uchi itakuwa tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Kwa hiyo twawaomba wenye dhamana wapunguze hukumu ya mikutanoni. Kabla ya kuamuru ng'ombe wahamishwe kwa hoja ya mvua, na waulize kwanza njia zao za kuhama zilizibwa na nani, mwaka gani, na kwa faida ya nani. Twawaomba pia wafugaji na wakulima wenzetu wasijifiche nyuma ya amri ya Mungu wanapotia kiberiti majani ambayo hayajaisha kuliwa. Na wale wenye kupima mvua katika wilaya zetu wangefanya vema kupima pia unyevu wa udongo, kwa sababu tarakimu za mvua peke yake hutuambia kilichoanguka, wala hazituambii kilichobaki.

Wenye ngitili hawangoji vipimo hivyo. Watazifunga mvua za kwanza zikianguka, na watazifungua kiangazi kitakapokuwa kimekausha malisho mengine yote, waingize kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa, na maksai watakaovuta plau vuli itakapofika.